Sukari ya Vijiko Viwili: Maisha ya Raewyn Tulloch wa Arawera

Padri Dolan, ndugu wa pande zote mbili, majirani, na ninyi wa kikosi cha uokoaji mliosimama kule nyuma kwa madai kwamba buti zenu zina tope, ingawa hakuna mtu humu aliyewahi kuwaona na buti zisizo na tope, familia inawashukuru kwa kufika na mvua hii, na imemtuma Ross Hannigan, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, awasomee maisha ya dada yake kama yalivyopangwa na mumewe, Selwyn Tulloch, ambaye amekaa hapa mbele na ameomba mambo mawili tu, kwamba yasomwe yaliyo kwenye karatasi, na kwamba asilizwe mtu.

Marehemu Raewyn Mary alizaliwa Jumamosi tarehe 14 Machi 1953, katika nyumba za kampuni ya mbao upande wa kaskazini wa mto hapa Arawera, mkunga akiwa amekwama ng'ambo ya pili kwa sababu maji yalikuwa yamefunika daraja, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa Mzee Mick Hannigan, mpasua mbao, na Bibi Eileen, mpishi wa hoteli, na mama yetu alipenda kusema kwamba mtoto huyo hakuweza kungoja mkunga kwa sababu alitaka kutoka aone ni nani aliyekosekana.

Alipata elimu ya msingi hapa hapa Arawera kuanzia mwaka 1958 hadi 1965, akaendelea na sekondari kwa masista kule Greymouth kuanzia 1966 hadi 1970, ambako hakung'ara katika hesabu wala katika sala, lakini alijulikana bweni zima kwamba ukipoteza kitu unamwendea Raewyn, naye hatafuti kwanza, anakuuliza maswali mpaka unajutia kupoteza, kisha anakwenda moja kwa moja na kukichukua, na mwaka 1971 alijiunga na chuo cha wauguzi wa meno mjini Christchurch, akahitimu Desemba 1972.

Tarehe 5 Februari 1973 alianza kazi katika kliniki ya meno ya shule yetu, kile kijumba cheupe kando ya uwanja ambacho watoto wa nchi hii, tangu enzi za bibi zetu, wanakiita Nyumba ya Mauaji, na ambacho wengi mliomo humu mliingizwa kwa kuvutwa mkono, akakaa humo hadi alipostaafu Desemba 2001, akiziba meno ya watoto na baadaye ya watoto wa watoto hao, kwa mkono mwepesi na mdomo mkali, maana akimfumania mtoto na peremende dukani alikuwa hagombi, anainama tu na kusema, "Kula mwanangu, kula taratibu, Jumatatu tutaonana mimi na wewe na mashine."

Mwezi Julai 1979 polisi wetu wa wakati huo alibisha hodi kwenye kliniki akiwa na kitu amekifunga kwenye kitambaa, kilichookotwa na wawinda kulungu juu ya korongo, akaomba radhi na kusema kwamba daktari wa meno yuko mbali na yeye anataka tu kujua kama ni mtu mzima au mtoto, na marehemu alikiangalia kwenye taa yake, akasema, "Jino hili nililiziba mimi mwenyewe. Ni Dennis Coakley, alining'ata kidole," na baada ya hapo alinawa mikono, akafunga kliniki, akatembea kwa miguu hadi kwa wazazi wa Dennis na kuwaambia kabla hajafika polisi mwenyewe, jambo ambalo lilimletea maneno, lakini alisema kwamba habari kama hiyo inapelekwa na mtu mwenye uso wanaoujua.

Wiki iliyofuata alijiandikisha katika kikosi chetu cha kujitolea cha kutafuta na kuokoa waliopotea porini, akiwa mwanamke wa pili kukubaliwa, na akajifunza kwa bidii ambayo hisabati haikuwahi kuiona, kusoma jani la kangaga lililovunjika na kujua kama limevunjwa na mguu wa mtu au wa mnyama, kuvuka mto kwa kushikana mabega, kupiga filimbi wote kwa pamoja na kisha wote kunyamaza kabisa, kwa sababu kile kimya ndicho kinachotafuta, na zaidi ya yote kugeuka nyuma kila baada ya muda na kuangalia njia uliyotoka, kwa kuwa kitu kilichofichwa na kichaka ukikijia kwa mbele huonekana wazi ukikiangalia kwa nyuma, na hili la kugeuka nyuma alilisema mara nyingi mno kiasi kwamba vijana wa kikosi walikuwa wakigeuka nyuma hata wakiwa kwenye foleni ya kununua samaki.

Mwezi Septemba mwaka huo huo alikuja hapa fundi wa simu wa Posta kutoka kusini kabisa, mwenye zile "r" za kuviringisha ulimi ambazo hatujazizoea hadi leo, akiwa ametumwa kufunga mlingoti wa redio ya upepo juu ya ukumbi wa kikosi, kazi ya siku moja, ikamchukua wiki tatu, na alipomaliza alikuwa ameshajipa mwenyewe kazi ya kukaa kituoni na kupokea taarifa za timu zilizoko mlimani, ambako timu zote zilimsikia akiita, "Timu ya Pili, hali ya hewa huko ikoje?" na dada yetu akijibu, "Ile ile uliyoniuliza sasa hivi," naye akisema, "Basi, nilikuwa naangalia tu kama imebadilika," na Hoani, ambaye ndiye kiongozi wetu wa sasa na wakati huo alikuwa kijana wa kubeba kamba, aliingilia siku moja akasema, "Muoe basi, jamani, betri zinaisha," na tarehe 9 Februari 1980 Raewyn Hannigan na Selwyn Tulloch walifunga ndoa takatifu katika kanisa hili.

Katika ndoa hiyo walijaliwa mtoto mmoja, Fenella, aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 1983, ambaye ni mwalimu kule Dunedin na amewazalia wajukuu wawili, na nyumba yao ilikuwa ya furaha na ya sheria, kwani mama mwenye nyumba, akiwa mtu wa meno, alipiga marufuku sukari na alipiga marufuku biskuti za tangawizi, zile ngumu zilizomfanya azibe nusu ya meno ya mji huu, na shemeji yetu alitii kwa unyenyekevu, akanywa chai isiyo na sukari mezani kwa mkewe miaka yote arobaini na minne, na kuhusu alichokuwa akinywa na kutafuna akiwa peke yake kituoni, watu wa kikosi hawakuulizwa na hawakusema.

Kuandika alianza mwaka 1986, kwenye meza ya kliniki saa za mapumziko, na mwaka 1991 kilitoka kitabu chake cha kwanza cha upelelezi, Buti la Kushoto, ambamo mwanamke wa kikosi cha kutafuta waliopotea anaukuta mwili mlimani na anajua, kwa namna kamba ya buti ilivyofungwa, kwamba mtu huyo aliyekufa hakujivalisha mwenyewe, kitabu kilichosomwa visiwa vyote viwili vya nchi hii na kuvuka hadi Australia, na kwenye ukurasa wa mbele aliandika, "Kwa Selwyn, asiyesoma," kwa sababu shemeji alikuwa ametangaza baa, mbele ya mashahidi ambao baadhi yao wamo humu, kwamba hatasoma kitabu cha mkewe hata kimoja, akisema, "Nikikipenda mtasema nampendelea, nikikichukia nitalala na mbwa. Sisomi," na kwa kuwa watu wa kusini wakishasema wamesema, maneno hayo yaliandikwa tena mbele ya kila kitabu kilichofuata, na vilifika kumi na kimoja.

Hapa panahitaji kusemwa jambo ambalo marehemu mwenyewe hakuwahi kulificha. Kikosi chetu, kama vikosi vingine, kina neno la siri ambalo timu iliyoko mlimani hulisema redioni ikimkuta mtu amekwisha kufa, ili ndugu wanaongoja kituoni wasiipokee habari hiyo kutoka kwenye spika, na neno letu wakati huo, lililotungwa na shemeji, lilikuwa "tuleteeni betri ya akiba," na marehemu, kwa kutaka kitabu chake kiwe cha kweli, aliliandika kama lilivyo katika Buti la Kushoto, na hakuna mmoja wetu aliyeona tatizo, tulicheka na kusema ametuweka kwenye ramani.

Mwezi Aprili 1992, msimu wa kulungu, mwindaji mmoja hakurudi, na mkewe, Bi. Ferris, aliletwa kituoni, akawa ndiye anayetumiminia chai kwa sababu alisema akikaa bure atapiga kelele, na kitabu cha marehemu kilikuwa ndani ya mkoba wake, nusu ameshakisoma, na adhuhuri sauti ya dada yetu ikasikika redioni ikisema, "Kituo, tuleteeni betri ya akiba," na Bi. Ferris akaweka birika chini, akaufuta mdomo wake, akasema, "Hiyo betri ni ya mume wangu."

Marehemu aliposhuka na kuambiwa, alikwenda kukaa naye na hakuondoka mpaka ndugu zake walipofika, na Bi. Ferris alimwambia neno moja ambalo dada yetu alilirudia maisha yake yote, alisema, "Sikulaumu kwa kitabu. Ila ningependa kuambiwa na mtu," na tangu siku hiyo kikosi kilibadilisha neno, hilo jipya halitasomwa hapa na wanaolijua wanajua kwa nini, na ikawekwa sheria kwamba anayelipokea kituoni anaiacha redio, anainuka na kwenda mwenyewe kwa wenye mtu wao, uso kwa uso, na dada yetu katika vitabu vyote kumi vilivyofuata alitumia neno la kubuni, ambamo timu huuliza, "Kituo, mmebakiwa na sukari?" na mtu wa redio hujibu, "Ipo, ya vijiko viwili," maana yake nimesikia, nitawapelekea mimi mwenyewe, na wasomaji wa nje wakaamini kwamba ndivyo tusemavyo, na sisi tukawaacha waamini.

Dalili za ugonjwa zilianza Oktoba 2020, siku ya mazoezi ya kikosi, aliposimama njia panda akiwa na dira mkononi, akamgeukia Hoani na kumwuliza kwa upole, "Hiki ni cha nini?" na Machi 2021 madaktari wa Greymouth walithibitisha kwamba ni ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, naye aliipokea habari hiyo akiwa bado na akili zake zote, akawaambia wale madaktari kwamba amewatafuta watu wengi wa namna hiyo, hawaitiki wakiitwa kwa sababu hawajui kwamba wamepotea, na kwamba wakati wake ukifika tusimwite Bi. Tulloch, tumwite Rae, akabaki nyumbani akihudumiwa na mumewe, ambaye alimfundisha tena majina ya vijiko, na tena, na hakuna aliyemsikia akipandisha sauti.

Asubuhi ya Jumanne tarehe 11 Juni 2024, Selwyn akiwa nyuma ya nyumba anapasua kuni, marehemu alivaa buti zake, akazifunga kamba vizuri kwa fundo la kikosi, akachukua koti lake la mvua la rangi ya chungwa, akatoka, na walipogundua, kikosi kiliitwa, na waliokuja ni ninyi, wote, hata waliokwisha kustaafu, hata wale wenye magoti yasiyopanda tena ngazi za kanisa, na Hoani alimsihi shemeji aende akae na Fenella na redio aachiwe Ross, shemeji akajibu, "Ross akishika redio hahitaji redio, anasikika mlimani bila hiyo," akavaa miwani yake, akakaa kwenye kiti chake, akaanza kuita timu moja moja.

Siku ya pili, wakati Ross akiwa na timu ya mtoni, Hoani aliwakusanya wengine nyuma ya ukumbi, penye banda la kamba, akawaambia kwamba neno la kikosi Selwyn analijua, yeye ndiye aliyelitunga, wakilisema litamfikia kwenye masikio kabla mtu hajafika, na msichana wetu Bridie, ambaye ndiye mdogo kuliko wote kikosini, alisema, "Tuseme la kwenye vitabu, la sukari. Miaka thelathini yuko baa anatuapia hajasoma hata kimoja," na wote wakaona ni jambo la busara, Hoani akae kituoni karibu na shemeji, akilisikia atamgeukia na kumwambia kwa mdomo wake, kama sheria ilivyo, na Ross hakuambiwa kwa kuwa hakuwepo.

Alasiri ya Jumatano tarehe 12 Juni Bridie aliliona lile koti la chungwa, limetundikwa juu ya tawi mahali linapoonekana kutoka pande zote, jinsi marehemu alivyowafundisha watoto wa shule yetu kila mwaka, ukipotea kaa pale pale, shika mti mmoja, tundika kitu cha rangi kali juu, na yeye mwenyewe alikuwa chini ya mti huo, ameegemeza mgongo, mikono mapajani, amefanya kila kitu alichofundisha bila kukosea hata kimoja, isipokuwa kwamba koti lilikuwa juu ya tawi na usiku ule kulikuwa na barafu. Madaktari wamesema ni baridi, na kwamba baridi ikifika pale haiumi.

Bridie akabonyeza redio, akasema, "Kituo, mmebakiwa na sukari?"

Hoani anasema alivuta pumzi na kuanza kugeuka, na kabla hajafungua mdomo shemeji alikwisha kubonyeza, kwa sauti ile ile ya kila siku, yenye zile "r" zake, akajibu, "Ipo, ya vijiko viwili," na mlima mzima ukanyamaza kama tunavyonyamaza baada ya filimbi, kwa sababu kila mwenye redio alielewa kwa mara moja mambo mawili, kwamba Rae amekwisha kufa, na kwamba Selwyn amevisoma vile vitabu, kisha akaiweka redio mezani, akavua miwani, akainuka, akamwambia Hoani, "Hapana, ni kazi yangu," akatoka nje hadi garini alikokuwa Fenella, akamwambia mwanawe uso kwa uso.

Tangu siku hiyo familia haijalia sana, inaosha vikombe, inapokea vyakula, inawajibu watu kwa adabu, na shemeji alipoulizwa hali yake alisema ni kama shavu lililochomwa sindano ya ganzi, unajua ni lako, lakini ukiligusa unaona ni la mtu mwingine, na usemi huo ni wa mtu aliyeishi na muuguzi wa meno.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja, mkwe, wajukuu wawili, mdogo wake, na vitabu kumi na kimoja. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Greymouth kwa uvumilivu wao, dada wa huduma za nyumbani aliyekuja kila Alhamisi na kukubali kuitwa kila jina isipokuwa lake, majirani wa barabara ya kinu ambao wamejaza ukumbi visahani vya vyakula mpaka meza zimepinda, walimu na watoto wa shule, rubani wa helikopta, wote waliofanya naye kazi katika Nyumba ya Mauaji, Bi. Ferris, aliyesafiri kutoka Nelson akiwa na umri wa miaka themanini na mbili na ambaye asubuhi hii tumemkuta jikoni ameshika birika, na kikosi, ambacho kimemtafuta mwenzake na kumpata, na Bridie anaombwa aache kuomba radhi.

Karatasi ya shemeji inaishia hapo, na yeye mwenyewe anajua inaishia hapo, ndiyo maana ameanza kutafuta kofia yake, lakini Ross Hannigan ana agizo la marehemu ambalo haliko kwenye karatasi, na shemeji anaombwa akae.

Jioni ya siku ile alipopatikana, watafutaji walipokwisha kuhesabiwa na kila mtu akaenda kwake, shemeji alikaa jikoni na kusema kwamba mdomo ulijibu wenyewe, hakuukusudia, akasema alivisoma vyote pale kituoni, zile saa ndefu ambazo timu ziko mlimani na redio iko kimya, kila kimoja mara mbili au tatu, na kwamba alikuwa anangoja siku nzuri ya kumwambia, kila kitabu kilipotoka alisema atamwambia kwa kinachofuata, mpaka mwaka jana, alipomshika mkono na kumwambia, "Rae, nimevisoma vyote," naye akamtazama kwa heshima kama mgeni na kumwuliza, "Vyote vipi?" kisha shemeji akamwuliza Ross swali moja, na hilo ndilo swali pekee aliloliuliza tangu msiba huu uanze, alisema, "Unadhani alijua? Zamani, alipokuwa anaweza kujua?" na Ross, ambaye hasifiki kwa kunyamaza, alinyamaza, akammiminia chai.

Alinyamaza kwa sababu alikuwa amekatazwa. Machi 2021, siku walipotoka kwa daktari, dada yake alimwambia garini, akiwa mzima wa akili na mwenye ule mdomo wake, "Nikishapotea kabisa kuna kitu umwambie Selwyn. Usimwambie jikoni, jikoni atabisha mpaka asubuhi. Mwambie mahali penye watu, akiwa amevaa tai, pale asipoweza kubisha," na zaidi ya hapa leo, hakuna mahali pengine ambapo yeyote kati yetu amemwona Selwyn Tulloch amevaa tai.

Shemeji, alijua. Zile nakala za vitabu vyake zilizokaa kituoni alizifungua mwenyewe kila aliposhuka mlimani, akakuta makombo ya biskuti za tangawizi katikati ya kurasa, Hoani hali biskuti hizo kwa ajili ya meno ya bandia, na wengine wote walikuwa mlimani naye, ulidhani mwanamke aliyeweza kusoma kangaga lililovunjika angeshindwa kusoma biskuti? Alijua tangu kitabu cha kwanza, na alimwambia mdogo wake kwamba akiwa juu kule, amelowa, usubi wanamla, alikuwa anatazama saa na kukisia umefika ukurasa wa ngapi, na kwamba hakuwahi kuandika kwa ajili ya mtu mwingine.

Na kama bado unataka kubisha, geuka nyuma uangalie njia uliyotoka, kama alivyotufundisha. Nyumba nzima haina sukari, mji mzima unaamini hutumii sukari, na mkeo anatunga jibu la mtu wa redio, anayekaa peke yake kituoni na kikombe chake, na jibu lenyewe ni vijiko viwili, akaliweka katika vitabu kumi, na wewe ukavisoma vyote ukiwa unakoroga hicho hicho kikombe, ukapita bila kuona kwamba anakusema wewe. Vitabu kumi vya upelelezi, shemeji, na ushahidi uko mkononi mwako.

Rae, tumekuita kwa jina ulilotuagiza, tumelifuata koti lako, tumekufikia na tumekurudisha nyumbani, hatukutafuti tena, pumzika. Selwyn, umeambiwa na mtu. Chai iko ukumbini, na sukari ipo, ya vijiko viwili.